Theluji ya kwanza huanguka lini? Uzi kwa wanaosafiri na kwa sisi tulio chini ya Karisimbi

MwalimuHimbi (Goma, mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, na ninyi mliotawanyika duniani, salamu.

Nafundisha jiografia hapa Goma. Kila mwaka ikifika Septemba watu wananisimamisha njiani kwa swali lile lile: "Mwalimu, kule tunakokwenda theluji inaanza lini?" Wanaouliza ni familia zilizopata makaratasi ya kuondoka, na wazazi wanaopeleka watoto masomoni. Mtaani jibu limeshazoeleka: "Desemba, karibu na Noeli." Jibu hilo limetoka kwenye picha za kadi, na linawaumiza watu. Kuna familia zimeshuka kwenye ndege mwezi wa kumi, watoto wamevaa sandali, na nje ya mlango wa uwanja wa ndege theluji inaanguka.

Ninachotaka kusema ni kimoja: usiulize nchi, uliza mji. Canada haina tarehe ya theluji, wala Marekani. Mji ndio wenye tarehe yake, na tarehe hiyo ina sababu zinazojulikana: mji uko mbali na ikweta kiasi gani, uko juu kiasi gani, bahari iko karibu au mbali, na kama kuna ziwa kubwa, upepo unavuka ziwa hilo ukielekea wapi.

Chukueni jimbo la Arizona, Marekani. Phoenix ni mji wa jangwani, kama mita 330 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu anaweza kuishi huko miaka asione theluji mlangoni pake. Toka hapo kwa gari, saa mbili na kitu, unafika Flagstaff, mita 2,100. Huko kwa mwaka wa kawaida inaanguka theluji ya mita mbili na zaidi, nayo huanza Oktoba au Novemba. Wote wawili wataandika nyumbani "niko Arizona". Mmoja anahitaji bote na koti zito, mwingine anahitaji kofia ya jua.

Na hesabu hii ya urefu wa mlima hatuhitaji kuifuata Arizona, tunayo hapa. Goma iko kama mita 1,500, na wastani wa joto ni nyuzi 19 au 20. Ukipanda, joto linapungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Nyiragongo ina mita 3,470: umepanda karibu mita 2,000, umepoteza nyuzi 13, umebaki na 6 au 7. Ndiyo maana waliolala ukingoni mwa kreta wanasimulia baridi inayoingia kwenye mifupa. Karisimbi ina mita 4,507: umepanda mita 3,000, umepoteza nyuzi 19 na nusu. Umebaki na sifuri. Yaani kilele cha Karisimbi kimekaa hasa kwenye mpaka wa mvua na theluji. Margherita, kilele cha Ruwenzori, kina mita 5,109, na hapo wastani ni nyuzi tatu au nne chini ya sifuri. Huko barafu inakaa mwaka mzima.

Kwa hiyo mtu asiwaambie watoto wetu kwamba theluji ni kitu cha Ulaya. Usiku ikinyesha mvua kubwa na mawingu yakifunguka alfajiri, tazameni upande wa Karisimbi: juu kabisa kuna weupe. Jua likipanda kidogo, umekwisha. Ila kwa milima yetu huwezi kusema "theluji ya kwanza ya msimu", kwa sababu hapa karibu na ikweta tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Theluji yetu inafuata usiku na dhoruba. Haifuati kalenda.

Mlio huko nje, tajeni miji yenu na mwezi inapoanza. Naomba muwe wakweli, kuna watu wanafunga valizi wakisoma hapa.

---

DadaWaEdmonton (Edmonton, Canada)

Aksanti sana mwalimu. Mimi ni mtoto wa Majengo, Goma, sasa niko jimbo la Alberta.

Edmonton: Oktoba. Mara nyingine Septemba haijaisha. Calgary, kusini yetu kidogo, iko juu zaidi na karibu na milima, nayo inaweza kupata theluji Septemba watu wakiwa bado na mashati mepesi.

Lakini naomba watu watofautishe mambo matatu, maana hapo ndipo wageni wanachanganyikiwa. Kuna chembe za kwanza zinazopita hewani, zikigusa ardhi zinayeyuka. Kuna theluji ya kwanza inayopimika. Hapa Canada idara ya hali ya hewa inaanza kuihesabu kuanzia milimita mbili. Halafu kuna ile inayokaa, inayofunika bustani hadi Machi au Aprili. Kati ya ya kwanza na ya tatu zinaweza kupita wiki nyingi. Mtu akikuambia "theluji imeanza", muulize ni ipi.

Hatari kubwa kwa wageni ni ile ya katikati. Inaanguka asubuhi, sentimita mbili tatu, watoto wanafurahi. Mchana jua linatoka, inayeyuka, lami inaloa. Jioni joto linashuka chini ya sifuri na maji yale yanaganda, membamba kabisa, hayaonekani, lami inabaki na rangi yake nyeusi. Unakanyaga ukidhani ni maji. Wazee wanavunjika nyonga siku hizo. Magari yanagongana kwenye taa za barabarani, maana dereva anakanyaga breki na gari haisimami. Wenyeji wanajua, wanatembea hatua fupi, mguu wote chini, mikono nje ya mifuko. Viatu vya soli laini, vile vizuri vya kwenda kanisani, viacheni kwenye valizi hadi ufike ndani.

---

Kijana_Birere (Goma)

Mwalimu, nina swali. Yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, yuko Brussels, Ubelgiji, mwaka wa sita. Ananiambia baridi ya huko ni mvua na mawingu tu, theluji anaiona mara chache. Mimi nimeangalia ramani, Brussels na Winnipeg ya Canada ziko karibu mstari mmoja. Sasa kwa nini Winnipeg wanazikwa na theluji?

---

MwalimuHimbi

Umeangalia vizuri ndugu yangu, na nafurahi umefungua ramani mwenyewe.

Brussels iko karibu digrii 51 kaskazini, Winnipeg karibu digrii 50. Winnipeg iko hata kusini kidogo. Lakini wastani wa Januari mjini Brussels ni nyuzi tatu au nne juu ya sifuri, na Winnipeg ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 20 kwa miji iliyo karibu mstari mmoja!

Sababu ni bahari. Maji yanapoa polepole kuliko nchi kavu. Bahari ya Atlantiki inabeba joto kutoka kusini, na pepo za magharibi zinalipeleka juu ya Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Uingereza. Winnipeg iko katikati ya bara, mbali na bahari zote, na hewa ya kaskazini inashuka kwenye tambarare bila mlima wa kuizuia. Winnipeg theluji inaanza Oktoba. Brussels inaweza kuja Novemba, au Januari, na kuna majira ya baridi yanapita ikiwa imeonekana siku chache tu.

Hata ndani ya Canada ni vile vile. Vancouver iko pwani ya Pasifiki: Novemba huko ni mvua, na theluji mjini, ikija, mara nyingi ni Desemba au baadaye. Montreal ni Novemba kwa kawaida, chembe za kwanza zinaweza kuonekana mwisho wa Oktoba.

---

Montreal_Katindo (Montreal, Canada)

Nathibitisha ya Montreal. Na kwa wenye kuendesha: jimbo la Quebec linalazimisha matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Msisubiri tarehe hiyo. Theluji haijasoma sheria, inakuja Novemba, na wiki hiyo gereji zote zinajaa watu.

---

Kivu_Buffalo (Buffalo, Marekani)

Mwalimu umegusa ziwa, naomba niliongelee, kwa sababu sisi Wakongomani tupo Buffalo na wengi walifika hapa bila kuambiwa.

Buffalo iko mwisho wa mashariki wa Ziwa Erie. Ziwa lenyewe ni refu, zaidi ya kilomita 380, na limelala kuelekea kwetu. Majira ya joto maji yanapata joto. Ikifika Novemba, hewa ya baridi kali inatoka Canada na kupita juu ya maji ambayo bado yana joto. Mvuke unapanda kutoka ziwani kama unavyopanda kwenye sufuria ya maji ya fufu ukifungua mlango usiku. Hewa inaubeba, inafika nchi kavu, inapanda, inaganda, inamwaga. Na haimwagi kila mahali. Inamwaga kwenye utepe mwembamba, pale upepo unapoelekea.

Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache. Milango ilifunikwa, watu walitokea madirishani. Siku hizo hizo kaskazini ya mji, mwendo mfupi kwa gari, walikuwa na sentimita chache tu. Novemba 2022 ikarudi, na eneo la Orchard Park likapata karibu mita mbili. Halafu Desemba ya mwaka huo huo, siku za Noeli, ikaja dhoruba ya upepo na theluji pamoja. Zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo letu. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, walitoka nyumbani wakidhani watafika dukani na kurudi.

Kwa hiyo ukiletwa Buffalo, usiridhike kujua mwezi. Mwezi ni Novemba, sawa. Jua pia uko upande gani wa mji, na upepo ukitoka kusini-magharibi theluji inaelekea wapi. Na tangazo likisema msitoke, msitoke. Wekeni unga, mafuta, maharagwe na dawa za watoto mapema, wiki ya mwisho ya Oktoba.

Jambo moja lenye faraja: Ziwa Erie halina kina, wastani ni mita 19. Januari au Februari likiganda juu, mvuke unakatika na theluji ya ziwa inapungua sana.

---

Binti_wa_Kadutu (Bukavu)

Poleni sana ndugu zetu wa Buffalo. Sikujua habari za watu waliofia ndani ya magari. Mungu awafariji wenyewe.

Mwalimu, Ziwa Kivu mbona halitufanyii hivyo? Tuko ukingoni kabisa mwa maji hapa Bukavu, na mvua ya mawe tunaipata. Juzi imepiga mabati ya jirani hadi yametoboka. Ile mawe si theluji iliyoganda?

---

MwalimuHimbi

Hapana mama, na ni vizuri umeuliza, kwa sababu wengi wanadhani hivyo. Theluji inazaliwa mvuke unapoganda moja kwa moja kuwa fuwele ndogo ndani ya wingu, na fuwele zinashuka polepole zikishikana. Mawe ya mvua yanazaliwa ndani ya wingu refu la radi. Tone linarushwa juu na upepo wa ndani ya wingu, linaganda, linashuka, linarushwa tena, kila mara linavaa tabaka jingine la barafu, hadi linakuwa zito na kuanguka. Linaanguka kwa kasi kiasi kwamba halipati muda wa kuyeyuka, hata chini kukiwa na nyuzi 20. Kwa hiyo mvua ya mawe haihitaji baridi ardhini. Theluji inaihitaji, ingawa si lazima iwe sifuri kamili: kwenye nyuzi moja au mbili, hasa hewa ikiwa kavu, inaweza kufika chini ikiwa nyeupe.

Kuhusu Ziwa Kivu: mvuke linatoa, na mvua zetu zinausikia. Uso wa maji una kama nyuzi 24 mwaka mzima. Kinachokosekana ni ile hewa ya chini ya sifuri ya kuja kuupokea mvuke huo. Hapa haifiki kutoka upande wowote. Ukiitaka, ni lazima uipandie mlimani.

---

Oulu_Kivu (Oulu, Ufini)

Salamu kutoka digrii 65 kaskazini.

Kwetu chembe za kwanza ni Oktoba. Inayeyuka, inarudi, inayeyuka tena. Inayokaa ni ya Novemba. Helsinki, kusini na ufukweni, wanachelewa kuliko sisi, na kule Lapland wanatangulia, kuna sehemu Septemba. Matairi hapa sheria ni Novemba hadi Machi, hali ya barabara ikihitaji.

Nataka kuongeza jambo ambalo wanaotuandaa hawalisemi. Mnatuonya juu ya baridi, lakini kilichotupiga familia yetu ni giza. Goma jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Hapa Desemba jua linakaa juu muda usiofika saa nne, tena liko chini pembeni, halipandi. Novemba kabla ya theluji ndiyo mbaya kuliko miezi yote: ardhi nyeusi, miti mitupu, lami inaloa, mtoto anakwenda shule gizani na kurudi gizani. Mama yangu alikuwa anakaa jikoni na taa zote zimewashwa, anasema haoni.

Ndipo theluji ikaanguka usiku na ikakaa. Theluji mpya inarudisha sehemu nane au tisa katika kumi za mwanga unaoipiga. Taa ya barabarani ikawa inatosha mtaa mzima. Mwezi ukawa unatosha mtu kutembea. Mama akatoka nje siku ile bila kuombwa, akafagia ngazi, akaongea na jirani kwa mikono. Sasa yeye ndiye anayeisubiri theluji kuliko sisi wote. Kwa hiyo mnaokuja huku msiiogope tu. Ikija, mtaona afadhali.

---

Lushois_barabarani (Lubumbashi)

Ninyi wote mmeongea kaskazini. Sisi wa Lubumbashi theluji yetu iko kusini, na miezi imegeuka: Juni, Julai, Agosti.

Madereva wetu wa malori wanatoka Kasumbalesa, mpakani, wamebeba shaba, wanapita Zambia na Zimbabwe hadi Durban, Afrika Kusini. Kati ya Johannesburg na Durban barabara ya N3 inavuka milima ya Drakensberg pale Van Reenen. Septemba 2024, tarehe 20 na 21, wakati watu wanasema baridi imekwisha, theluji ikaanguka hapo hadi barabara ikafungwa. Malori na magari madogo yakakwama usiku kucha, watu ndani. Dereva anayetoka kwetu na kishati na blanketi jembamba, hilo litamkuta wapi?

Lesotho, ambako hakuna hata sehemu moja iliyo chini ya mita 1,000, wao theluji wanaitarajia kila mwaka, Mei au Juni inaanza milimani. Johannesburg yenyewe, ingawa iko juu kama mita 1,700, ni nadra: 7 Agosti 2012, halafu 10 Julai 2023. Watoto wa miaka kumi walikuwa hawajawahi kuiona.

Mwalimu, hapa Lubumbashi Juni na Julai usiku tunashuka chini ya nyuzi 10, watu wanaota moto wa makaa hadi usiku wa manane. Tuko mita 1,200 na kitu. Kwa nini hatujapata hata chembe?

---

MwalimuHimbi

Kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo yenye somo. Kwanza bado mna nyuzi kadhaa hadi kufika sifuri. Pili, Juni na Julai kwenu ni kiangazi: anga safi, hakuna wingu. Theluji inataka baridi na maji kwa pamoja. Baridi peke yake inaleta jalidi kwenye majani, basi. Johannesburg shida yao ni hiyo hiyo, majira yao ya baridi ni makavu, kwa hiyo theluji inangoja siku ambayo hewa ya kusini kabisa inakutana na unyevu. Siku hizo ni chache.

Ndiyo maana pia Ain Sefra, mji wa Algeria kwenye mlango wa Sahara, ulipata theluji Desemba 2016 na Januari 2018, watu wakapiga picha matuta ya mchanga yakiwa meupe. Baridi ya usiku jangwani ipo kila mwaka. Maji ndiyo yaliyokuja.

---

Kijana_Birere

Na je, ni kweli kwamba siku hizi inachelewa?

---

MwalimuHimbi

Usipime kwa mwaka mmoja. Denver, Marekani, tarehe 7 Septemba 2020 ilikuwa na karibu nyuzi 34, na kesho yake, tarehe 8, theluji ikaanguka. Mwaka kama huo haukuambii chochote kuhusu miaka 50.

Ila kuna mahali wameandika kwa uvumilivu mkubwa. Mlima Fuji, Japani, unatazamwa kutoka mji wa Kofu tangu 1894, na kila mwaka wanaandika siku kilele kinapoonekana cheupe kwa mara ya kwanza. Wastani ni tarehe 2 Oktoba. Mwaka 2024 Oktoba yote ilipita mlima ukiwa mtupu, na theluji ikaonekana tarehe 7 Novemba. Haijawahi kuchelewa hivyo katika miaka 130 ya kuandika. Kabla ya hapo tarehe ya mwisho kabisa ilikuwa 26 Oktoba.

Natamani mtu angetuandikia Karisimbi namna hiyo. Daftari moja na macho ya alfajiri vinatosha. Shule zetu zingeweza.

---

MtotoWaMutwanga (Beni)

Mwalimu, mimi nimezaliwa chini ya Ruwenzori, upande wetu wa Kongo. Baba alikuwa anabeba mizigo ya wapandaji kutoka Mutwanga. Wanalala kwenye vibanda vya njiani, Kalonge, halafu Mahangu, halafu Kiondo iliyo juu zaidi, na kutoka hapo ndipo barafu inaonekana mbele. Alikuwa anatuambia Kalonge unasikia ndege na unatoka jasho, Kiondo ukiacha maji kwenye kikombe usiku, asubuhi hayamwagiki.

Mwanamfalme wa Italia, Duki wa Abruzzi, alifika Margherita tarehe 18 Juni 1906, na katika msafara wake alikuwamo Vittorio Sella, mpiga picha. Picha zile ndizo zinazotuumiza leo, kwa sababu zinaonyesha barafu ilipokuwa. Wakati ule ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Sasa haifiki hata moja. Theluji mpya bado inaanguka, lakini inaanguka juu ya mwamba mweusi ulioshika joto, na mwamba hauitunzi kama barafu ya zamani ilivyoitunza. Miaka ya karibuni ukosefu wa usalama nao umewazuia watu kupanda upande wetu, kwa hiyo tunapoteza barafu yetu bila hata kuiaga. Watu wa Mutwanga wanalima kakao chini ya mlima huo, na mito inayoshuka kwenye mto Semliki inatoka huko. Nataka wanangu waione kabla haijaisha.

---

MzeeNdosho (Goma)

Wanangu, nimesoma yote. Naomba niweke jambo moja kuhusu Karisimbi, kwa sababu vijana wa Goma wanautazama kila siku na hawaambiwi.

Mwaka 1908, wakati wa msafara wa Duki wa Mecklenburg kutoka Ujerumani, Mjerumani mmoja mwanajiolojia, Kirschstein, alipanda Karisimbi na wapagazi. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji ikawakuta juu. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Walikuwa watu wa nchi ya joto, wamevaa nguo za nchi ya joto, wamebeba mizigo ya mtu mwingine. Jina la mwanajiolojia linatajwa katika kila simulizi. Ya wale 20 hayatajwi.

Siku hizi tunapowaambia watoto "theluji ya kwanza Afrika", tunaonyesha picha za watalii. Ningependa tuanze na watu hao. Na mwalimu ukiweza, eleza wanafunzi kilichowaua, maana hata leo kinaua.

---

MwalimuHimbi

Nimekusikia mzee, na darasani nitaanza nao.

Kilichowaua kinajulikana vizuri: maji na upepo vikiwa pamoja. Nguo ya pamba ikiloa inashika maji mwilini, na mwili unapoteza joto kwa kasi kubwa kuliko ukiwa mkavu. Upepo unalikamilisha. Mtu anatetemeka, halafu anaacha kutetemeka, anachanganyikiwa, anataka kukaa chini apumzike. Hapo ndipo anapokufa. Si lazima kuwe na nyuzi 20 chini ya sifuri. Sifuri inatosha, hata nyuzi mbili tatu juu yake, ukiwa umeloa.

Kwa anayekwenda Edmonton au Buffalo somo ni hilo hilo: ndani vaa sufu au nguo ya kukauka haraka, juu vaa kinachozuia upepo na maji. Jinzi ikiloa haikusaidii kitu.

---

Mama_wa_Watatu (Goma)

Mwalimu, na wewe dada wa Edmonton, naomba mnisaidie. Sisi tumepangiwa Winnipeg, tunaondoka wiki ya tatu ya mwezi wa kumi. Nina watoto watatu, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Shirika limesema tutapewa nguo tukifika. Ninunue hapa Goma au nisubiri? Pesa ni kidogo.

---

DadaWaEdmonton

Mama yangu, hongera na pole kwa maandalizi.

Wiki ya tatu ya Oktoba Winnipeg unaweza kukuta jua la nyuzi 10, unaweza kukuta theluji. Jiandae kwa ya pili. Bote usinunue hapo. Za Goma ni za mvua, soli yake ikipata baridi inakuwa ngumu na inateleza. Hizo subiri huku, nunua kubwa kidogo iingie soksi nene. Lakini kila mtoto awe na sweta mbili, kofia ya kufunika masikio, soksi za kubadilisha na koti lolote la kuzuia upepo. Mitumba ya Birere ina makoti mazuri, chagua yenye zipu inayofika shingoni, na ujaribu zipu hapo hapo kabla hujalipa.

Na nguo hizo usiziweke kwenye valizi kubwa. Ziweke kwenye begi la mkononi, maana valizi inaweza kuchelewa njiani. Mdogo mvalishe kabla hamjatoka mlango wa uwanja wa ndege, si baada. Ukifika niandikie hapa, nina rafiki Winnipeg mwenye watoto wa umri huo huo, nguo za msimu uliopita anazo.

---

Mama_wa_Watatu

Aksanti sana dada. Kesho nakwenda Birere.